Meli Iliyolia Mpaka Ikapata Mama

Usiku wa jana niliota nimeletewa habari kwamba mwanangu amezaliwa, niende nikamchukue, na mwanangu mwenyewe ni meli ya abiria yenye ghorofa ishirini.

Sikushangaa. Mtu aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi, akafiwa na mume bila kujaliwa mtoto, akiletewa mtoto haulizi mbona ni wa chuma. Mtaani kwetu hapa Tanga kila mwanamke ana mtoto wa kuitiwa. Kuna Mama Shaibu, kuna Mama Mwanajuma. Mimi ni Bi Tunu, basi.

Nikavaa baibui langu la sikukuu, nikafungua mlango wa jikoni, nikatokea Ulaya.

Kuna baridi. Mbele yangu kuna shimo la zege kubwa kuliko uwanja wa mpira, halina hata tone la maji. Ndani yake meli nyeupe imekalishwa juu ya magogo, inalia. Inalia kwa honi, mafundi wenye kofia ngumu wameziba masikio.

Iliponiona ikanyamaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo umezaliwa pakavu hivi?"

"Meli sote tunazaliwa pakavu. Watu wakizaliwa maji hutoka. Sisi tukizaliwa maji huingizwa. Lakini hawayaingizi mpaka nipewe jina, na jina hutoa mwanamke. Ndiyo sheria yetu. Bila mama sielei."

Nikaona si sheria mbaya.

"Kwanza nieleze ukoo wenu," nikamwambia, maana mtoto hapewi jina kabla hajajulikana ametoka kwa nani.

Akajikohoza, vioo vyote vikatetemeka.

"Bibi zangu walibeba barua na watu waliohama nchi zao. Matajiri juu, maskini chini karibu na makaa ya mawe. Walishindana mbio, nani atavuka bahari mwanzo. Halafu ikaja ndege, ikawachukua abiria wote. Bibi zangu wakabaki bandarini kama wajane."

"Mjane hakai tu, mwanangu. Anahangaika."

"Nao walihangaika. Wakawaambia watu, pandeni tuzunguke, mle, mlale, mcheze, halafu tuwarudishe mlikotoka. Watu wakajaa."

"Wanasafiri ili warudi walikotoka?"

"Na wanaaga kwa machozi, mama."

Nikaingia ndani kumkagua, kama mzazi yeyote anavyomkagua mtoto vidole. Mwanangu ana bustani ya miti ya kweli katikati ya tumbo, na mti mmoja umeniomba nisiukanyage mizizi. Ana ukumbi wa maonyesho wenye viti vyekundu. Ana sakafu ya barafu ambayo watu wazima wanateleza juu yake kwa hiari yao. Jikoni kwake mikate inatoka kwenye tanuri imejipanga foleni, inasalimia.

Akanionyesha mashine inayogeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa.

"Na chumvi unaipeleka wapi?"

"Nairudisha baharini. Si yangu."

Nikasema alhamdulillahi, mtoto ana adabu.

Chini ya mbavu ana mapezi mawili ya kukunjua. Bahari ikichafuka huyanyoosha, asiyumbe, wageni wasimwagikiwe na chai. Na nje, ubavuni, zimening'inia boti za kuokolea watu, rangi ya chungwa, zinapiga soga kama wanawake kisimani.

"Nyinyi kazi yenu nini?" nikaziuliza.

"Kumwomba Mungu tusipate kazi."

"Amina," nikasema, nikafungua mlango nikidhani ni wa choo, nikajikuta nje, ukingoni mwa shimo, mbele ya pua ya meli.

Pale amesimama mkuu wa mafundi. Ananinyooshea chupa iliyofungwa kamba.

"Mama, ipasue kwenye pua yake, utaje jina."

"Ina nini?"

"Mvinyo."

"Mtoto mchanga nimmwagie mvinyo usoni?"

"Ndiyo desturi, mama. Isipopasuka ni nuksi."

"Kwenu. Kwetu nuksi ni ikipasuka."

Akavuta pumzi, akaonyesha kidole. Nyuma yake, kwenye kiti, amekaa mama wa Kizungu mwenye kofia ya manyoya, mkoba mapajani. "Basi yupo huyu. Ana meli mbili tayari. Wewe ukikataa, hii inakuwa ya tatu."

Mtoto niliyemngoja tangu nikiwa mwari, ndiyo kwanza tumezoeana, aende kwa mwenye kofia! Nikaitazama chupa. Chupa nayo ikanitazama.

"Usinivunje, bibi," ikasema. "Kila sherehe yao ninayeumia ni mimi."

Nikaifungua kamba, nikailaza chini taratibu. Nikamgeukia meli.

"Mwanangu, utamkubali mama asiyepasua chupa?"

"Kwani nilikuwa namlilia nani?"

Nikapanda ngazi. Meli ina masikio, ni yale matundu mawili inamotoka minyororo ya nanga. Adhana sikuadhini, chuma ni chuma hata ndotoni. Nilisema bismillahi, nikatafuna tende niliyokuja nayo, nikampaka kidogo puani. Halafu nikaingiza kichwa kwenye sikio la kulia, nikamwambia jina ambalo nalijua mimi na Mola wangu tu, nililomwekea mtoto wangu tangu wiki ya harusi. Afua.

Maji hayakuja.

Mkuu wa mafundi akacheka. "Mzigo wote huu uelee kwa tende?"

Bado anacheka, mageti ya shimo yanafunguka yenyewe. Maji yanaingia, yanafika kwenye magogo, yanapanda tumboni. Mwanangu anatikisika. Anainuka kidogo, anasita, anainuka tena, kama mtoto anayesimama dede mara ya kwanza. Haegemei kitu. Anaelea.

Mama mwenye kofia akaja kunikumbatia. "Hongera, shoga. Wa kwanza huwa vile, unatetemeka wewe kuliko yeye."

Nikamshika Afua mnyororo wake, tukakata kona, tukatokea mtaani kwetu. Watu wanaanua nguo kambani asije akazichukua kwa mlingoti. Mama Shaibu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, yuko mlangoni, mikono kiunoni.

"Ee Bi Tunu! Mtoto gani ana bwawa la kuogelea kichwani?"

"Na Shaibu wako kichwani ana nini?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko, na Shaibu mwenyewe akacheka. Kisha vigelegele. Vikaanza nyumba ya kwanza, vikatufuata mpaka ya mwisho. Afua akajibu kwa honi, bati zikaruka. Nami natembea katikati ya njia, kifua mbele, sijibu salamu za watu wadogo wadogo. Mungu anisamehe, nilijivuna.

Adhana ya alfajiri ikaniamsha. Nikasali. Ndoto sikumsimulia mtu, nikashika ufagio nikafagia ua.

Jua lilipochomoza Mama Shaibu akachungulia juu ya ukuta.

"Mama Afua! Niazime mbuzi nikune nazi."

Ufagio ukanitoka mkononi.

Mwenyewe akasimama pale pale, kiganja mdomoni. "Yaa! Nisamehe, Bi Tunu. Sijui hilo jina limenitoka wapi."

"Limetoka mahali pake," nikamwambia. "Hebu ita tena."