Mgeni wa Mama

Muuguzi alifika asubuhi na kipimo chake cha presha, akavua viatu mlangoni. Mama akamtazama, akasema, "Dada, umechelewa." Papo hapo muuguzi akawa dada yake mama, aliyezikwa zamani, hata na mwanya wake wa meno. Akampa vidonge, mama akameza bila ubishi. Alipotoka akawa muuguzi tena, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mama aanze kusahau. Akikuita fulani, unakuwa huyo mpaka utoke nje. Daktari wa zahanati hakuona ajabu. Alisema huu ni ulezi wa pamoja, kila mtu ashike sehemu yake kwa umbo alilopewa. Jirani alikuwa rafiki wa utotoni, basi akamsuka nywele. Binti mkubwa, ambaye usingizi aliusikia kwa watu, mara nyingi alikuwa mpishi. Siku akiitwa mwizi, alitoka, akapiga hodi upya.

Ikabaki zamu ya Jumamosi. Binti aliomba apumzishwe siku hiyo moja tu, alale. Kikao kikaitwa nyumbani, na mdogo wake wa kiume, kitindamimba, hodari wa kusema "tuko pamoja" kwenye simu, safari hii akaja mwenyewe.

"Karibu, mgeni," mama alimwambia.

Basi akawa mgeni. Hakujua hata vikombe vinakaa wapi. Dada yake, macho mekundu, alimfutia kiti, akamletea chai, akamwuliza habari za safari. Daktari alipogawa zamu alimruka, maana mgeni hapangiwi kazi. Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakuwa na nia ya kulala hata moja. Jumamosi ikarudi kwa dada yake.

Angeweza kutoka, apige hodi, ajaribu bahati yake kama wenzake. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kiti kilikuwa kizuri, na tusifichane, moyoni alishusha pumzi.

"Mama yako hajambo?" mama alimwuliza, kwa adabu.

"Hajambo."

"Ana wa kumtazama?"

"Yupo dada."

"Mungu ambariki. Nisalimie sana mama yako."

"Zimefika," alisema, akiangalia sakafu.

Dada yake akamsindikiza hadi njiani, kisha akarudi ndani kumbadilisha mama nguo.