Mkalimani wa Hatherley

Doreen Tapsell alihamia Bulgaria na masanduku mawili, cherehani na kinyongo. Masanduku aliyafungua siku aliyofika. Kinyongo hakukigusa.

Waingereza wengi waliotangulia kijijini Dolna Lipa walifuata unafuu wa maisha, na yeye hakuwa tofauti. Kwa pensheni yake ya mjane, London ilikuwa imemtapika. Huku alipata nyumba nzima ya mawe, yenye bustani na mzabibu, kwa fedha ambazo London zisingemnunulia hata gereji. Lakini wenzake walihama kwa kupenda, na yeye alikuwa amesukumwa. Aliyemsukuma alikuwa na jina, na Doreen alilijua vizuri kama alivyojua jina lake mwenyewe.

Yeye na mumewe Len, dereva wa basi, walikuwa wamepanga fleti moja huko Tottenham tangu ujana wao. Kisha jengo likanunuliwa na bwana aitwaye Giles Hatherley, aliyetaka wapangaji wa zamani watoke ili alipambe na kuingiza wenye nazo. Hakumfukuza mtu. Mjanja hafukuzi. Ila mwezi wa Novemba hita ya jengo iliharibika, na kila walipopiga simu waliambiwa fundi yuko njiani. Majirani wakahama mmoja baada ya mwingine. Len, ambaye mapafu yake hayakuwa mazima, alilala na koti na kofia, akikohoa mpaka kitanda kikatikisika.

Siku moja Hatherley mwenyewe alipita kukagua. Alisimama mlangoni, shingo imezungushiwa skafu ya sufu, akasema kwa upole, "Mama, kama hapa hapawafai, Ulaya ni kubwa. Kuna nchi huko mtaishi kama wafalme."

Len alifariki kwa nimonia kabla majira ya baridi hayajaisha. Fundi alikuja juma la mazishi. Na Doreen, alipokwisha kulia, aliufuata ushauri wa Hatherley.

Jirani yake kijijini alikuwa Radka, mjane mwenye mabega mapana, aliyelima kwa trekta aliloachiwa na mumewe. Kila kiangazi kikiisha waliketi pamoja wakichoma pilipili hoho na kuzimenya, na hapo ndipo Radka alipomfundisha Kibulgaria, kwa masimango mengi.

"Unatamka kama bata mwenye mafua," alikuwa akimwambia. "Rudia!"

Doreen alirudia, mwaka baada ya mwaka, hata akawa ndiye anayeitwa kila mgeni anayesema Kiingereza alipofika kijijini. Ndiyo sababu mzee Tsvyatko, mwenyekiti wa kijiji, hakusita kuja kumwona asubuhi moja ya vuli, alipokuwa uani na Radka wakimenya pilipili.

"Mama Doreen, tuna bahati," alisema. "Kuna tajiri wa kwenu, anataka kununua nyumba zote za mtaa wa chini. Kesho tunakutana dukani. Utufasirie."

"Anaitwa nani?"

Tsvyatko alijaribu kulitamka jina, likamkwama, akajaribu tena. Doreen akaweka kisu chini.

Mzee alipoondoka, Radka, aliyekwisha kusimuliwa yote ya Tottenham, alimkazia macho. "Umebadilika rangi, shoga. Ni yeye?"

"Ndiye."

"Mtilie kitu kwenye kahawa."

"Nifungwe kwa ajili yake? Hapana."

"Basi mfasirie ovyo. Sema anataka kufuga nguruwe elfu mbili hapa. Utaona watu watakavyomtimua."

Doreen alicheka, lakini wazo lile lilimwingia, akalilea jioni nzima kama mtu anayechochea makaa. Alipokuwa akivaa koti lake kesho yake alikuwa amekata shauri: atadanganya.

Duka la Dolna Lipa lina meza chache ambako watu hunywa kahawa na rakia, pombe kali ya matunda. Siku hiyo lilifurika. Hatherley alikuwa ameota mvi lakini tabasamu lake lilikuwa lilelile. Alifuatana na kijana wa biashara zake aitwaye Piers. Alimpa Doreen mkono, akamtazama usoni, wala hakumtambua.

"Kiingereza chako kizuri sana, mama. Umejifunzia wapi?"

"Tottenham."

"Ah, napafahamu," akasema, akamgeukia Piers.

Doreen alihisi damu ikimpanda kichwani. Hata kumbukumbu! Hata hiyo alikuwa amewanyima.

Hatherley alianza kuhubiri. Atajenga hoteli ya mapumziko. Vijana watapata kazi, barabara itatengenezwa. Doreen alifasiri, huku uongo wake wa nguruwe ukisubiri ulimini. Alikuwa anatafuta mahali pa kuuchomeka, ndipo mzee mmoja wa mtaa wa chini aliposimama.

"Na sisi tusiotaka kuuza?"

Doreen akafasiri. Hatherley aliwatabasamia watu wote, na tabasamu lisimtoke akamwinamia Piers, akasema kwa Kiingereza cha haraka, kana kwamba Doreen hayupo, "Hao tutawakatia maji. Bomba linapita kwenye kiwanja tutakachonunua kwanza. Vizee havikai pasipo maji. Baridi moja tu, utaona wanatoka wenyewe. Njia hii haijaniangusha hata mara moja." Kisha akamgeukia Doreen. "Waambie tunaheshimu uamuzi wa kila mtu."

Hapo Doreen aliona kwamba hana haja ya uongo tena. Wa nini, ikiwa mtu amejichimbia kaburi mwenyewe? Akasimama. Akawaambia kwanza habari ya heshima. Halafu akawaambia yaliyobaki, neno kwa neno, maji na vizee na baridi moja tu, kwa sauti ileile tamu ya Hatherley na kwa tabasamu lilelile.

Mzee Tsvyatko akainamisha kichwa polepole na kukiinua, na tena. Mwingine akafanya vivyo hivyo, kisha duka zima. Hatherley akanawiri uso, akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani. Watu walikuwa wanachukua kofia zao.

"Vipi, si wamekubali?"

"Wamekataa."

"Mbona wanaitikia kwa kichwa?"

"Hapa kwetu ndivyo tunavyokataa."

Tabasamu likamyeyuka. "Umewaambia nini, wewe mwanamke?"

"Ulichosema. Chote. Si ndiyo kazi niliyoitiwa?"

Hatherley alitoka akitukana, akaliondoa gari kwa hasira kwenye mvua. Halikufika mbali. Mbele ya lango la Radka tope lilikuwa limeiva, gari likateleza na kuzama mpaka kwenye milango. Piers alisukuma akaanguka. Mwishowe Hatherley akaja mpaka uani kwa Radka, walikokwisha kurudi wale wanawake wawili, trekta likiwa nyuma yao.

"Mama, mwombe huyu atuvute. Tafadhali."

"Kwanza niambie mume wangu alikuwa anaitwa nani."

"Wewe mwenyewe sikujui, sembuse mumeo!"

"Tottenham. Ghorofa ya tatu. Hita."

Ilichukua muda. Kisha macho yake yakabadilika. "Yule... yule aliyekuwa na kikohozi?"

"Alikuwa na jina."

Hakulijua. Wakati ule wote hakuwahi kulijua. Doreen akampa. "Len Tapsell. Liseme."

Akalisema, kwa kunong'ona.

"Sisikii. Mvua hii."

"Len Tapsell!" Hatherley akapiga kelele, mbwa wa Radka wakabweka, na Doreen akasikia utamu ukimtambaa kifuani kama rakia ya kwanza ya siku ya baridi. Hakuuonea haya.

Radka akauliza kwa Kibulgaria, "Amesema nini?"

"Amelitaja jina la Len."

"Ameomba radhi?"

"Hajaomba."

Radka akafunga lango. "Basi trekta langu bovu."

Doreen akamgeukia Hatherley. "Anasema trekta ni bovu. Fundi yuko njiani."

Wale mabwana wakaondoka kwa miguu, viatu vyao vya mjini vikinyonywa na tope, mpaka barabara kuu. Radka hakungoja wapotee machoni. Alimpigia simu dada yake wa ng'ambo ya kilima, dada naye akawapigia wengine. Siku zilizofuata Hatherley alijaribu vijiji vingine vya bonde lile, na kila alipoketi, kabla hajafungua kinywa, kizee fulani aliuliza juu ya maji. Akachoka, akarudi London.

Huko bado ni tajiri. Doreen alilijua hilo, wala hakujidanganya kwamba Len angefufuka. Jumapili moja walipokuwa wakikata zabibu za mwisho, Radka alimuuliza kama hakumwonea huruma hata kidogo, mtu wa makamo kutembea vile mvuani.

"Hata chembe."

"Na moyo umetulia?"

Doreen alitupa kishada kwenye kikapu, akapangusa mikono.

"Kidogo," alisema. "Akirudi utatulia zaidi."