Swali kwa Wavaa Sanda

"Mteja wako ni nani?" Profesa Andriamihaja aliuliza kwa mara ya pili. Hanitra, aliyesimama mbele ya darasa la mikakati ya ubunifu katika biashara, akajibu tena kwamba ni familia zinazonunua sanda.

"Hao ni walipaji. Mvaaji umemuuliza?"

Darasa likaangua kicheko. Profesa naye alicheka, maana alisomea ng'ambo miaka mingi, na huko alijifunza kuwafanyia wafu mzaha. Hanitra hakucheka. Mama yake alikuwa mfumaji wa sanda za hariri kule kwao Arivonimamo, naye Hanitra alifundishwa kufuma tangu utotoni, na soko la mama lilikuwa limemezwa na sanda za nailoni zinazoletwa kwa meli. Wazo lake la kuirudisha sokoni hariri ya mama likikubaliwa Jumatatu, chuo kingemtafutia mdhamini. Likikataliwa, kitanda cha kufumia cha mama kingeuzwa.

Jumamosi akaenda nyumbani. Mama alipoambiwa habari ya kuwauliza wafu, mkono wake ulisimama juu ya nyuzi.

"Wao ndio huja, mwanangu. Wakisikia baridi wanatujia ndotoni, tunawatoa kaburini, tunawavisha sanda upya. Sisi hatuwafuati huko kuwauliza shida zao."

"Na wasiosema je, mama? Hao ndio soko ambalo halijahudumiwa."

"Soko," mama alisema, akarudi kwenye nyuzi zake.

Sikio la kufa halisikii dawa, na huyu msichana alikuwa nayo mawili. Mchana kweupe alisimama mbele ya kaburi la ukoo, jumba la mawe lenye mlango mmoja. Alikunja vidole, maana ni mwiko kulinyooshea kaburi kidole, kisha akauliza kama alivyofundishwa chuoni, kwa adabu, bila kumtilia mtu jibu mdomoni. Je, mnasikia baridi? Nguo mliyovishwa mara ya mwisho iliwatosha? La mwisho lilikuwa lile swali ambalo profesa hulisifu kuliko yote: mnakosa nini? Hakuna kilichojibu. Aliona haya kusimama pale peke yake akiongea na mawe, akaenda zake.

Jumatatu alikuta darasa zima limevaa makoti, na Oktoba ile ilikuwa ya joto. Mwishowe ikajulikana kwamba mmoja alimwota bibi yake marehemu akilalamika baridi, mwingine mjomba, mwingine watu asiowajua waliopanga foleni. Profesa aliingia baada ya wote, macho mekundu, shali shingoni.

"Baba yangu kanijia jana," alisema bila kumtazama Hanitra. "Tangu nirudi sijamvisha. Kaniambia, kuna binti anapita akiwauliza watu shida zao, mbona kwetu hajafika?"

Safari hii hakucheka mtu. Wazo lilipita kwa alama ambazo profesa hakuwa amempa yeyote, na wanafunzi wale wale waliomcheka wakamfuata nje mmoja mmoja, wakimwagiza sanda kwa sauti ya chini kama waliofiwa.

Hanitra alifika nyumbani na habari njema na moyo mzito. Alikuta mama anakaribia kumaliza sanda mpya, anafuma kwa haraka ambayo hakuwa nayo siku zote.

"Mama, kazi imejaa. Hatuuzi kitanda tena."

"Najua. Walinijia na mimi. Wamejibu lile swali lako la mwisho."

"Wanakosa nini?"

"Mfumaji."

"Yupi, mama?"

"Hawakutaja jina. Walinipa kimo tu."

Hanitra alimwogopea mama yake kuliko alivyojiogopea mwenyewe. Alitaka kukimbilia kaburini akafute maneno yake, akaombe radhi, lakini mama alimwambia alilouliza limekwisha kusikika, amsaidie kushika ncha. Kitambaa, kilichofumwa kwa kimo kile, kilikuwa kimekamilika. Mama akakata uzi wa mwisho, akainuka kukishika upande wa pili, wakakinyoosha baina yao. Walipotazamana juu ya hariri ile, macho yao yalikuwa usawa mmoja.