Sehemu ya Pili Iko Sokoni

"Mapenzi yametosha," Malam Tasiu, mkuu wa kituo cha redio, alisema. "Kila Alhamisi binti analia, mume anaongeza mke, mama mkwe anaficha hirizi chini ya mto. Hayo yote nyumbani kwangu ninayo bure."

Nusu saa ya kusoma vitabu redioni ilikuwa ya Ladidi tangu msomaji wa zamani alipoolewa Kaduna, na katika dunia hii hakuwa na kitu kingine alichokishika kwa mikono miwili kama hicho. Lakini nje ya ofisi, kwenye benchi, alikaa muuza dawa za mizizi za kuponya mgongo, amepakata kipaza sauti chake mwenyewe. Alikuwa akingoja kuinunua nusu saa hiyo.

"Niletee vitabu vya aina nyingine," mkuu wa kituo akaendelea. "Vya watu wa hapa hapa Kano wanaojichapishia wenyewe. Visivyojulikana, lakini vizuri. Watu wakizima redio zao, mtu wa mgongo anaingia."

Basi Ladidi akashika njia ya sokoni, kwenye duka la Kyari. Kila aliyeandika kitabu na kukichapisha kwa mfuko wake alikipeleka pale, na Kyari alivipokea vyote kama kisima kinavyopokea ndoo, nzima na iliyotoboka. Kyari alikuwa Mkanuri na Ladidi Mfulani, nao ni watani tangu mababu, hata salamu isiyo na tusi kati yao ingekuwa utovu wa adabu.

"Mfulani," Kyari alisema bila kuinua macho, "ng'ombe wako hayumo humu. Mtafute kwa mchinjaji."

"Sikufuata ng'ombe. Nimesikia kuna Mkanuri amejifunza kusoma, nimekuja kushangaa."

"Basi kaa. Kushangaa ukiwa umesimama kunaumiza miguu."

Akakaa juu ya gunia akaanza kuchambua. Vitabu vilikuwa vyembamba kama chapati, na karibu kila jalada lilikuwa na picha ya msichana mwenye kilemba cha kumetameta, hata kama ndani hamkuwa na msichana yeyote. Ladidi alisoma ukurasa wa kwanza wa kila kimoja; usipomvuta, alikiweka kando. Kimoja kilihusu jini aliyehamia kwenye mashine ya kusaga nafaka na kugoma kumsagia mtu yeyote mwongo, mtaa mzima ukalala na njaa. Kingine kilikuwa mashairi ya dereva wa lori aliyeyasifu mashimo ya barabara ya Maiduguri, kila shimo na utenzi wake, kama wafalme. Kilikuwepo pia kitabu cha mapishi, *Jikoni Hakuna Haraka*, cha mpishi wa harusi aitwaye Hajiya Gambo. Na chini kabisa, kimejikunja kwa unyevu, kilikuwa *Harufu Haidanganyi, Sehemu ya Kwanza*, hadithi ya upelelezi ya mtu aliyejiita B. G. Tanko.

Ladidi alisahau chakula cha mchana. Inspekta Zubairu, mzee aliyestaafu polisi akabaki na pua yake, anatafuta tandiko la fedha lililoibwa kabla ya gwaride la farasi la sikukuu. Walinzi wote wamelazwa kwa supu iliyotiwa dawa. Zubairu ananusa, anauliza, anakula, ananusa tena. Nyuma ya jalada paliandikwa: *Sehemu ya Pili iko sokoni*. Moyo wake ukatulia.

Alianza na jini, na wanawake wakapiga simu kuuliza mashine hiyo iko mtaa gani ili wawapeleke waume zao. Alisoma mashimo, na madereva wakaegesha malori wasikie kama shimo lao limetajwa. Kisha akaja Zubairu, na Kano ikatekwa. Alhamisi ile aliyosoma ukurasa wa mwisho, Zubairu alikuwa ameteremka kisimani kufuata harufu ya ngozi, na mkono usiojulikana ukaikata kamba. "Wiki ijayo, inshallah, Sehemu ya Pili," Ladidi akasema kwa sauti tamu, akazima kipaza sauti.

Kesho yake akaenda kuichukua. Kyari alicheka mpaka akashika rafu.

"Ipo wapi? Kwenye kichwa cha mwandishi, kama hajanyoa. Mfulani, hakuna mwandishi Kano asiyeandika hivyo nyuma ya kitabu. Ya kwanza ikiuzika ndipo anakaa kuandika ya pili. Hiyo ni dua, si habari."

"Nimewaahidi watu, Kyari."

"Umeahidi dua ya mtu mwingine."

"Na ya kwanza iliuzika?"

Kyari akaacha kucheka. "Mwandishi alituma dereva wa bajaji akazichukua nakala zote, ikabaki hiyo uliyoikuta chini. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona."

Kwenye jalada palikuwa na namba ya simu, ileile ambayo Ladidi aliisoma hewani pamoja na jina la kitabu. Ladidi alipiga, akapokewa na sauti nzito yenye vumbi.

"Kama ni habari ya kisima, nyoka amemwuma lakini hajafa," sauti ikasema.

"Wewe ndiwe B. G. Tanko?"

"Mimi ni Habu, fundi mwashi. Laini hii niliinunua mwaka jana. Tangu jana jioni sijajenga hata tofali, watu wananiuliza mzee ametokaje. Mwanzoni niliwaambia sijui, wakanitukana. Sasa kila mtu namwambia lake. Mama mmoja nilimwambia mzee ameoa jini wa kisimani, akanishukuru sana."

"Tafadhali, Malam Habu, usiseme tena."

"Dada yangu, mimi nasema nini? Ninawaonea huruma tu."

Kwa hiyo mjini vilikuwepo visima vingi na Zubairu wengi. Mafundi cherehani wa mtaa wa Fagge walikuwa nusura wapigane juu ya nyoka. Na Malam Tasiu, aliposikia kwamba hakuna kitabu, alisema neno moja tu: "Mgongo." Nje, mtu wa dawa akajaribu kipaza sauti chake. Moja, mbili, moja, mbili.

Ladidi akaamua kujaza pengo kwa kitabu cha mapishi, angalau watu wasikie sauti yake. Akakifungua palepale kwenye kiti cha studio apange atakachosoma, akafika kwenye mchuzi wa kuka, ule wa majani makavu ya kusaga. *Wewe mwenye haraka,* kitabu kilimwambia, *usitie dadawa, kile kiungo cha mbegu zilizochachushwa, ikiwa mbichi. Izungushie jani, ichome kidogo kwenye makaa, mpaka inuke kama siri inayotaka kutoka.*

Mkono wake ukasimama. Aliwahi kuisoma siri hiyo inayotaka kutoka, tena kwa sauti, mbele ya mji mzima. Akafungua *Harufu Haidanganyi*. Zubairu ameinama juu ya sufuria ya walinzi: ananusa dadawa iliyochomwa kwenye jani, inanuka kama siri inayotaka kutoka. Kurasa chache mbele, anamwambia polisi kijana: "Wewe mwenye haraka."

Hajiya Gambo, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili, alikuwa ameandika mtaa wake mwanzoni mwa kitabu cha mapishi. Ladidi alimkuta Gwale, uani, katikati ya masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani na macho yasiyokaa mahali pamoja. Wanawake walimzunguka wakimenya vitunguu.

"Harusi ni Ijumaa," akasema. "Kama umekuja kuagiza, umechelewa. Kama umekuja kula, umewahi mno."

"Nimekuja kwa ajili ya B. G. Tanko, Hajiya."

"Simjui. Ni mume wa mtu?"

"Ni mwandishi. Ameandika kisa kizuri, walinzi wanalazwa kwa supu ya bamia."

"Kuka," Hajiya Gambo alisema. "Bamia inateleza, dawa ingekaa chini ya bakuli, ni mjinga gani atatia dawa kwenye..." Akafunga mdomo.

Visu vikanyamaza juu ya vitunguu.

"Binti wa nani wewe?" akauliza polepole.

"Mimi ndiye ninayesoma redioni."

Hajiya akamvuta nyuma ya rundo la kuni. "Mwanangu, sikiliza. Nalisha harusi za nusu ya mji huu. Nani atanikabidhi mchele wake akijua kwamba kichwani mwangu imo supu ya kulaza walinzi? Ndiyo maana nikavaa jina la kiume. Kisha kitabu chenyewe hakikununuliwa. Nakala zilizobaki nimezifungia kosai, zile bajia za kunde, watu wakala, wakafuta mafuta midomoni, wakatupa. Hata laini nikaiacha ife."

"Sasa mji mzima unauliza ametokaje kisimani."

"Mji mzima?"

"Fagge wanataka kupigana."

Hajiya Gambo alijaribu kuificha furaha yake, lakini ilikuwa kubwa kuliko uso. "Sijaiandika," akasema. "Ninayo yote, lakini sijaiandika. Na mikono yangu ni ya harusi." Akatazama sufuria kubwa, kisha akamtazama Ladidi. "Mdomo una nafasi. Shika mwiko. Ukiacha kukoroga, nami naacha kusimulia. Na jina langu lisitoke nje ya ua huu."

Mwiko ulikuwa mrefu kama Ladidi mwenyewe. Akakoroga, simu ikirekodi ndani ya kilemba chake, na Hajiya akasimulia huku akionja chumvi. Wamenyaji wa vitunguu wakasogea.

"Atoke kwa kamba ya vitenge," mmoja akasema. "Wanawake waliokuja kuteka maji wafunge vitenge vyao."

"Na wao wabaki na nini mwilini?"

"Kila mmoja alikuwa amevaa viwili. Asubuhi ile palikuwa na baridi."

Hajiya akafikiri. "Palikuwa na baridi," akakubali, na Zubairu akapanda juu kwa kamba ya vitenge. Alinuka nili, kwa maana rangi ya shimo la jirani la watia rangi nguo ilipenya hadi kisimani, na ndani ya shimo hilo tandiko la fedha lilikuwa limezamishwa. Mwizi alipotajwa, mwanamke mmoja akaangusha kisu. "Nilijua," akasema. "Anapenda sana kujipaka manukato." Kabla ya kuondoka, Ladidi aliwatazama kwa hofu, wanawake wengi namna ile. Wao wakamtazama Hajiya wao, ambaye harusi zake ndizo zilizowasomeshea watoto, na mmoja akasema, "Sisi tulikuwa tunamenya vitunguu tu. Hatukusikia kitu."

Alhamisi, cherehani za Fagge zilinyamaza. Ladidi alisoma mpaka koo likakauka. Alipotoka studio, Malam Tasiu alikuwa amesimama mlangoni akitazama benchi. Mtu wa mgongo alikuwa bado hapo, kipaza sauti amekizima, sikio kwenye redio ya mapokezi.

"Nilijua tu ni yule wa manukato," akasema. "Malam, niuzie nusu saa inayofuata baada ya huyu binti. Watu watakuwa wamekaa sana, migongo itauma."

Wakati huohuo akaingia mtu mrefu katika kanzu iliyopigwa pasi ya makaa, ndege kanga aliye hai chini ya kwapa. "Habu," akajitambulisha, na macho yakatazama chini. "Watu wameniletea zawadi. Wananiita mwandishi barabarani. Nimekataa mara ya kwanza, dada. Ya pili nimeshindwa."

Ladidi akajitenga, akampigia Hajiya Gambo.

"Ana uso wa kuaminika?"

"Ana uso wa fundi mwashi."

"Mwache alivae hilo jina, litanifichia langu. Ila kanga aniletee mimi, na asithubutu kukubali mwaliko wa kupika."

Sehemu ya Pili ilipochapishwa, Kyari aliipanga mbele kabisa ya duka, ikamshinda hata yule msichana wa kilemba. Ladidi akachukua nakala, akaigeuza. Nyuma paliandikwa: *Sehemu ya Tatu iko sokoni*.

"Haya, Mfulani," Kyari akasema. "Safari hii utauliza kwanza, au utaahidi tena?"

Ladidi akakitia kitabu mkobani. "Kwa dua hiyo, amina," akasema, akashika njia ya Gwale, maana Ijumaa palikuwa na harusi nyingine, na mwiko hauna miguu.