Ukuta wa Mbele

Kahama walipomaliza jengo lao la ghorofa moja, habari ilifika Geita na abiria wa basi hata kabla hawajashusha mizigo. "Nyinyi bado mmelala chini kama viazi?" waliwatania wenyeji pale stendi ya Kalangalala. Utani huo haukumchoma mtu kama ulivyomchoma Anatoli, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa pamba. Alisimama mkutanoni akaapa: "Wao wana ghorofa moja, sisi tutajenga mbili! Atakayetaka kutuona atainua shingo mpaka kofia idondoke."

Watu walishangilia. Wanawake walibeba mchanga kichwani kutoka mtoni, na Generoza, mkewe Anatoli, ndiye aliyekuwa akitangulia na kuanzisha nyimbo. Ghorofa ya kwanza ikasimama. Mara saruji ikaadimika nchi nzima, na siku ya uzinduzi ilikuwa imekwisha kutangazwa. Wageni wa Kahama walikuwa wamealikwa, akiwemo mzee Kamili, ambaye mwanawe alimwoa Scolastika, binti yake Anatoli.

Anatoli hakuwa mtu wa uongo. Lakini alipofikiria kicheko cha Kahama, alimwita fundi pembeni. "Pandisha ukuta wa mbele peke yake," alisema. "Tia madirisha, paka chokaa. Huko nyuma tutamalizia saruji ikija."

Ukiwa barabarani uliona ghorofa mbili timamu. Ukizunguka nyuma, kwenye mashamba ya mihogo, uliona mawingu yakipita madirishani. Wenyeji walilijua hilo wakanyamaza, maana fahari ilikuwa yao pia.

Siku ya uzinduzi, baada ya chakula, mzee Kamili alishika fimbo yake. "Mkwe, nipeleke juu kabisa. Nataka kuona tulivyoshindwa."

"Ngazi bado mbichi, mkwe wangu. Siku nyingine."

"Mimi si mzito," mzee alijibu, na tayari alikuwa anapanda.

Anatoli alimfuata. Walipita ghorofa ya kwanza, wakasukuma mlango wa mwisho, wakatokea juani. Hapakuwa na chumba wala paa. Palikuwa na sakafu tupu, kunguru, na ule ukuta mmoja ukiwa umeegemezwa miti ya mikaratusi kama mgonjwa anayeshikiliwa. Mzee Kamili aliutazama kwa kitambo. Anatoli alingoja acheke.

"Kuna upepo mzuri huku," mzee alisema, akageuka kushuka.

Chini aliwaambia watu, "Nimefika juu kwa miguu yangu. Geita wametushinda." Vigelegele vikapasua anga. Anatoli alikuwa radhi azomewe kuliko kusitiriwa namna ile.

Mvua zilipokatika, Scolastika alikuja kuwasalimu wazazi, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kahama hawajambo?"

"Hawajambo, ila wanajenga kama wenye wazimu. Wanaongeza ghorofa mbili juu ya ile moja ili wawapite. Chumba tunachoshonea sisi akina mama kiko chini kabisa, na ukuta wake umepasuka, mkono unaingia. Fundi anaziba ufa kwa udongo."

"Tokeni humo!"

"Tumesema tutoke, tukaambiwa anayelalamika katumwa na Geita."

Chakula kilimshinda Anatoli. Kesho yake alipanda basi la Kahama, akaomba nafasi katika mkutano wao wa ujenzi. Alisimama, kofia mkononi. "Ndugu zangu, acheni kujenga. Hamna mtu wa kushindana naye. Ghorofa yetu ya pili ni ukuta wa mbele tu. Niliwadanganya."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. "Mnamsikia? Ameona tunampita, sasa anatutega!" mmoja alipaza sauti. "Mzee Kamili, wewe si ulipanda juu?"

Mzee Kamili aliinamia fimbo yake. "Nilipanda," alisema.

Baadaye alimsindikiza mkwewe mpaka stendi. "Nilikustahi siku ile," alisema bila kumtazama. "Leo nashindwa kujivua nguo mbele ya watu wangu."

Anatoli hakuweza kumlaumu. Aibu ile aliijua. Ilikuwa yake, na sasa alikuwa amemwambukiza mzee wa watu.

Siku ya gulio, wachuuzi wa Kahama walipokuwa wamejaa Geita na mchele wao, Anatoli alipanda juu na nyundo kubwa. Tofali la kwanza lilipoanguka, soko zima liligeuka. "Msaliti!" watu wake walipiga kelele. "Shuka, Baba Scolastika!" Generoza alilia. Hakushuka. Alibomoa mpaka anga ikaonekana pale palipokuwa na madirisha, akawaita wachuuzi, "Tazameni vizuri, mkaseme kwenu!"

Wakaenda wakasema. Kahama walicheka mwezi mzima, lakini waliacha kujenga, wakatoa matofali waliyokuwa wameongeza, na wale akina mama wakahamishiwa chumba kingine. Geita walimvua Anatoli uenyekiti. Wimbo ulitungwa juu yake, na watoto wake mwenyewe waliusikia.

Siku nyingi zilipita ndipo Generoza aliposema, "Mchanga ule niliubeba kwa kichwa changu. Mimi ungeniambia kwanza."

Wanawake walipokuja kuchukua matofali mazima wakajengee majiko, Anatoli alijitokeza kuwatwisha. Wakainama mmoja mmoja mbele yake, wakatwishwa, wakaondoka bila kumtazama usoni. Mkewe alikuwa wa mwisho kwenye mstari.