Anayeitwa Mama Nyota

Katika mutuelle ya wauza samaki, chama chao cha kusaidiana, mwanachama mpya husimama mbele ya wenzake na kumtaja kwa sauti mtu atakayepokea msaada siku mwanachama huyo akifa. Jafari alisimama, akasema, "Mama Nyota," akaketi. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Mtaa mzima ulimjua Mama Nyota: ni Emilie, mke wake, aliyemlea Nyota tangu alipoanza kutembea.

Jafari alipofariki, Patricia akafika kutoka Kindu. Yeye ndiye aliyemzaa Nyota, kabla ya kuachana na Jafari. Alisema mama ni yule aliyesikia uchungu. Viongozi wa chama wakaogopa kukosea, kesi ikafika mahakamani.

Hakimu aliagiza Mama Nyota asimame. Wakasimama wawili. Watu wakacheka, na mmoja nyuma akanong'ona kwamba marehemu alijua kutupa nyavu. Emilie hakucheka. Hakuwahi kuzaa. Wakimnyang'anya jina lile, hakujua mtaani watamwitaje.

Nyota alikuwa amekuja kwa mashua kutoka Yangambi, anakosomea kilimo. Hakimu akamwuliza yeye humwita Emilie nani.

Binti alitazama mikono yake.

"Mi namwitaka Tantine."

Emilie alilijua hilo: Tantine, yaani shangazi, si mama. Mtaa wote ulisema Mama Nyota, isipokuwa Nyota mwenyewe. Alikuwa amengoja miaka yote bila kuomba.

"Lakini papa yangu," Nyota akaendelea, "mama huyu wa Kindu alikuwa anamwita Patricia, basi. Akiita Mama Nyota mu nyumba, ni Tantine alikuwa anaitika."

Patricia aliinamisha kichwa. Hakimu akampa Emilie haki.

Emilie alimsindikiza binti hadi mtoni. Alimwambia fedha zile zitamsomesha. Nyota akamkumbatia kwa nguvu, muda mrefu.

"Aksanti, Tantine."

Mashua ikashika mkondo. Emilie alipunga mkono hadi asiweze tena kumtofautisha Nyota na abiria wengine.

Nyumbani alikuta kiti cha Jafari palepale ukutani. Akaketi kwenye kigoda chake, kando ya kiti hicho. Nje, jirani yake Pétronille alikuja kuomba makaa ya moto.

"Mama Nyota!"

Emilie alisikia. Jina lilikuwa lake sasa, hata mahakama imesema. Ikabidi Pétronille aite tena.