Kidole cha Macho

Wanawake wa bani letu, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, walikuwa na kidole kimoja kisichofanya kazi. Ukiwatazama wakifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, utaona vidole vyote vimegandwa na ulimbo mweusi, lakini kile cha mwisho kimesimama pembeni, safi. Walikiita kidole cha macho. Jasho likiteremka nawe ukalifuta kwa mkono wa tumbaku, ngozi ya chini ya jicho inawaka, inavimba, kesho yake inabanduka. Ngozi ile ni nyembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara. Kwa hiyo kila jioni walinawa uso, wakachovya kidole cha macho kwenye nta iliyoyeyushwa na mafuta ya nyonyo, wakagusagusa chini ya jicho bila kusugua. Dawa hiyo aliipika dada yangu Apolinaria, kwa nta ya mizinga ya marehemu mumewe.

Yote haya niliyajua. Ndiyo maana kosa langu halina pa kujificha.

Ilikuwa Machi 1975, kijiji cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kutoka Ipole. Walituhamishia pale mwaka uliotangulia, wakabomoa nyumba zetu kabla hatujatoa vyungu. Kutoka kijijini kulihitaji barua ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti Kornel hakutoa barua msimu wa kukausha. Babu yangu aliwabebea watu pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani, lakini angalau yeye alitembea.

Mwezi ule bomba la bani lilipasuka, moshi ukajaa ndani, na kazi haikusimama. Ngozi ya chini ya jicho la kushoto la Apolinaria ikachanika. Tukaenda kuomba barua ya kwenda hospitali Tabora.

“Shikamoo, Mwenyekiti.”

“Marahaba. Kama ni barua, rudi umalize bani.”

“Ni jicho.”

“Unayo mawili, Apolinaria. Tena majani yanashikwa kwa mikono.”

Waliokuwa barazani wakacheka. Majina yao ninayo mpaka leo.

Mimi sikusoma shule. Nilijifunza herufi kwenye magazeti ya kufungia sukari, nikazijua hotuba kwa kichwa, na niliamini kila neno. Niliposikia Mkaguzi wa tumbaku atakuja Alhamisi, niliwakusanya wanawake wote kumi na mmoja nyuma ya bani.

“Msipake dawa mpaka Alhamisi,” nikawaambia. “Akikuta nyuso nzuri atasema hapa hakuna shida. Acheni aone.”

“Lugembe, mapinduzi unayafanya kwa uso wangu?” akauliza Flavia. “Wako umeuwekea nani?”

Wakacheka. Apolinaria hakucheka.

“Mdogo wangu, ngozi hii haina siku tatu.”

“Dada, barua unaitaka au huitaki?”

Akafunika kopo la dawa.

Alhamisi Mkaguzi hakuja. Barabara ilikuwa maji matupu. Nikasema kesho, nikasema keshokutwa. Nilimkuta Flavia akijipaka kwa kujificha nikamgombeza kama mnyapara. Mkaguzi alikuja siku ya kumi na moja, na kufikia hapo ni Apolinaria peke yake ambaye hakuwa amekiuka neno langu hata mara moja.

Nilikuwa nimeandaa hoja saba. Mkaguzi aliingia banini, akaziona nyuso, akarudi nyuma na leso mdomoni.

“Hawa wana ugonjwa gani?”

“Ni moshi, ndugu, na ulimbo. Kwanza bomba…”

“Wewe ni daktari?”

“Hapana.”

“Basi nyamaza. Hii inaambukiza. Asitoke mtu hapa mpaka daktari aje.”

Akaandika amri juu ya boneti ya Landrova. Kabla ya magharibi gogo lilikuwa limelazwa barabarani, wanamgambo wawili wamelikalia. Kesho yake asubuhi lori lilipakia marobota, gogo likainuliwa, lori likapita. Tumbaku haikuwa na ugonjwa.

Nilikwenda kwa Kornel mchana huohuo. Nikamwambia ukweli: si ugonjwa, waliacha dawa kwa sababu niliwaambia waache.

“Niandike hivyo?” akasema. “Kwamba wanawake kumi na mmoja walijiharibu nyuso wamdanganye Mkaguzi wa Serikali? Jina lako litaanza, yao yatafuata. Hiyo ni hujuma, Lugembe. Neno hilo unalijua, wewe msomi wa magazeti.”

Nililijua.

“Niandike?”

Hakuwa akinitisha. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, naye amefungiwa ndani ya gogo kama sisi. Kalamu ilikuwa mkononi na alingoja jibu kwa hamu kuliko mimi. Nikasema asiandike.

Nyumbani nilimkuta Apolinaria anajipaka dawa. Kidonda kilikuwa kinakauka kwa kujikunja, kinauvuta ukope wa chini, wekundu wa ndani unaonekana. Chozi lilimtoka bila yeye kulia.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Akataka majina?”

“Ndiyo. Nikasema asiandike.”

“Basi ulifanya vizuri. Nishikie kioo.”

Nikakishika, kikamwonyesha paa badala ya uso.

“Kitulize, baba. Au na hilo tungoje Alhamisi?”

Daktari alifika baada ya siku ishirini na tatu, kijana mpole mwenye viatu vya matope. Alitazama nyuso zote, akasema hakuna cha kuambukiza, gogo liondolewe. Kisha akarudi kwa Apolinaria. Alimgusa chini ya jicho kwa uangalifu, akamwambia ngozi imeshasinyaa, ukope hautarudi, jicho hilo atalala nalo wazi.

“Kabla ya vidonda hivi mlikuwa mnapaka nini?”

Apolinaria akampa kopo. Daktari akalifungua, akanusa.

“Dawa nzuri kabisa hii. Mliacha kwa nini?”

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye benchi, na hakuna aliyegeuza shingo. Mimi nilikuwa mlangoni, mimi mwenye hoja saba.

“Nta iliisha, daktari,” akasema Apolinaria.

Kopo lilikuwa bado mkononi mwa daktari, limejaa nusu. Akalitazama, akamtazama yeye, kisha akainama akaandika: nta iliisha.